Tumlipe fundi kwa kuutafuta ubovu, si kwa kuifungua injini

Kila mwaka ifikapo Novemba, mawingu yanapoanza kujikusanya upande wa milima ya Kiboriani, wenye matrekta wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, na vijiji vya jirani huyatoa mashambani na mabandani matrekta yaliyokaa kimya tangu mavuno, na ndani ya wiki moja mafundi wote wa eneo hili huwa hawapatikani. Mengi ya matrekta hayo ni Massey Ferguson za zamani, hasa 35, 135 na 165. Toleo la 135 lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, kwa hiyo si ajabu kumkuta kijana akilimia mashine iliyotoka kiwandani kabla mzazi wake hajaoa. Nimeyatengeneza matrekta haya kwa misimu mingi, nikianza kama mshika spana wa mafundi wakubwa, na nimefikia msimamo ambao najua baadhi ya wenye matrekta hawataupenda: matrekta mengi yanayofunguliwa injini hapa kwetu hayakuwa na haja ya kufunguliwa, na chanzo kikubwa cha uharibifu huo ni namna tunavyowalipa mafundi.

Nianze na trekta la baba mkubwa, ambalo ni 135. Lilikuwa linawaka vizuri asubuhi, linalima kama dakika ishirini kwa nguvu zake zote, kisha linaanza kulegea, linakohoa na kuzima. Likiachwa lipumzike linawaka tena, linalima kidogo, linazima tena. Fundi wa kwanza alisema pampu ya dizeli imechoka, ikafunguliwa na kupelekwa mjini kupimwa, ikarudi, na trekta likaendelea na tabia ile ile. Fundi wa pili alisema ringi za pistoni zimekwisha na injini inapoteza nguvu ikipata moto, basi kichwa cha injini kikang'olewa, gasketi mpya ikanunuliwa, ringi zikabadilishwa, na mitamba miwili ikauzwa mnadani kulipia gharama. Trekta likarudi shambani na kuzima baada ya dakika ishirini.

Ndipo alipoitwa mzee mmoja ambaye alikuwa ameshaacha kazi ya karakana. Baada ya salamu aliketi kwenye kigogo na kuuliza maswali kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona fundi yeyote akiuliza. Linazima ghafla au taratibu? Linazima likiwa linavuta plau tu, au hata likiwa limesimama linanguruma? Tenki likijaa na likiwa nusu, kuna tofauti? Kisha akaomba trekta liwashwe na kulimishwa mpaka lizime, na lilipozima akaniambia, "Mwanangu, fungua mfuniko wa tenki taratibu, halafu usikilize." Nilipoufungua nilisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi. Tundu dogo la kupumulia kwenye mfuniko lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Dizeli ilipokuwa ikitumika, hewa haikuwa na njia ya kuingia kuchukua nafasi yake, hivyo tenki lilijivuta lenyewe mpaka dizeli ikashindwa kushuka. Mzee alilizibua tundu kwa waya, na trekta likalima mpaka jua likazama.

Baba mkubwa alimpa shilingi elfu tano na kuona kwamba amemtendea wema, kwa kuwa mzee hakuwa amefanya kazi yoyote ya kuonekana. Fundi aliyekosea na kuivunja injini nzima alikuwa amelipwa mamia ya maelfu. Jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu fundi kijana aliyesimama pale akitazama, yaani mimi, alifundishwa siku ile kwamba kufungua kuna fedha na kufikiri hakuna.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa matrekta haya ya zamani ni miongoni mwa mashine rahisi kuliko zote kuzichunguza. Hayana kompyuta wala vitambuzi vya umeme vinavyohitaji kifaa maalumu. Injini ya 135 inayofahamika sana huku ni Perkins ya dizeli yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, na kama injini yoyote ya dizeli ina mahitaji machache: dizeli safi isiyo na hewa, ifike kwa wakati wake; hewa ya kutosha, ikandamizwe mpaka ipate joto la kuiwasha dizeli hiyo; na mzunguko wa kasi ya kutosha wakati wa kuwasha. Trekta lisilowaka limekosa kimojawapo. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kabla hajagusa kitu kisichohusika.

Njia ya dizeli huanzia tenkini, ikapita kwenye koki na fidi pampu, yaani ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli, ikaenda kwenye chujio, kisha pampu kubwa, halafu mabomba ya chuma mpaka kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya kuipulizia dizeli ndani ya silinda. Mtu akiifuata njia hii kwa mkono, hatua kwa hatua, atakuta ubovu mwingi kabla hajafika kwenye injini yenyewe. Washa ya shaba, yaani kile kipete cha kuzibia maungio, iliyotumika mara nyingi huingiza hewa bila kuvujisha hata tone la dizeli nje, na hewa hiyo inatosha kuifanya injini iwake na kuzima baada ya dakika chache. Ndiyo maana kutoa hewa ni jambo la kwanza: unalegeza skrubu ya chujio na kusukuma fidi pampu kwa kiwiko chake cha mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, unahamia kwenye skrubu za pampu kubwa, kisha unamalizia kwenye nati za mabomba juu ya nozeli huku stata ikizungusha injini. Mapovu yakirudi kesho yake, hewa inaingia mahali fulani, na mahali hapo hapako ndani ya silinda.

Injini ikiwa inatetemeka na kukosa mlio mmoja, kuna kipimo kisichogharimu chochote. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Mlio ukibadilika na injini ikadhoofu, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu. Silinda ambayo ukiilegezea nati hakuna kinachobadilika ndiyo yenye ugonjwa. Hapo zima injini, chukua nozeli yake uibadilishane na ya silinda inayofanya kazi vizuri. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, sasa ndipo mtu anapoweza kuanza kuzungumza habari za vali na ringi. Kipimo hiki nimewafundisha watoto wa shule wakakielewa kwa siku moja. Nitoe onyo moja tu, kwa sababu nimeona mkono wa mtu: usiweke kamwe kiganja mbele ya nozeli inayopuliza, kwani dizeli inayotoka pale ina msukumo wa kupenya ngozi, na aliyepenywa aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha linaonekana dogo kama la mwiba.

Moshi nao huzungumza. Mweusi unasema dizeli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi huku kwetu maana yake ni chujio la hewa lililojaa vumbi la Novemba. Mweupe unasema dizeli haiungui ipasavyo, au maji yanaingia mahali yasipostahili. Wa bluu ni oili inayoungua.

Sisemi kwamba injini haichoki. Ukifungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma, ukaona moshi unasukumwa nje kwa nguvu, na nyuma kuna moshi wa bluu, na kuwasha asubuhi kumekuwa shida hata kwa betri nzuri, hapo ovahoo, yaani kuifungua na kuitengeneza upya injini nzima, ni haki yake na fedha hizo zitakuwa zimekwenda mahali pake. Lakini hata hapo swali la kwa nini lazima liulizwe. Chujio la hewa la matrekta haya lina bakuli la oili chini yake, na oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Bakuli likikauka au likijaa tope, vumbi jekundu la mashamba yetu huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuzila kama msasa. Nimeona injini iliyofanyiwa ovahoo ya gharama kubwa ikafungiwa chujio lilelile kavu, na msimu wa pili ikarudi karakana ikiwa imeisha.

Kuna mazoea mengine ambayo nayapinga waziwazi. Mojawapo ni kung'oa themostati, yaani vali inayoongoza joto la maji ya injini, kila trekta linapopata moto kupita kiasi. Mara nyingi joto hilo linatokana na rejeta iliyozibwa makapi na vumbi katikati ya mapezi yake, au mkanda wa feni uliolegea, vitu vinavyoonekana kwa macho. Injini isiyo na themostati huchelewa sana kufikia joto lake la kazi, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaa upesi na kula dizeli zaidi. Mwingine ni mtindo wa kuligawa trekta sehemu mbili, injini mbele na giaboksi nyuma, ili kuifikia klachi, kabla mtu hajainama kupima kama pedali ina nafasi yake ya kucheza. Hiyo ni kazi ya siku nzima, mara nyingi zaidi, ikifanywa kwa kosa linaloweza kuondolewa kwa spana mbili.

Kisa cha haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, nilikishuhudia mwenyewe upande wa Kiteto. Kijana alikuwa amenunua 135 kutoka kwa mtu mwingine, mikono ya nyuma ikagoma kunyanyua plau, na fundi akamwandikia orodha ya spea inayoanza na pampu mpya ya haidroliki. Katika trekta hili pampu hiyo imekaa ndani ya oili ya giaboksi na inazungushwa na mfumo uleule unaozungusha PTO, yaani shafti ya nyuma ya kuendeshea vifaa. Kiwiko cha PTO kikiwa kimetolewa, pampu imesimama na mikono haiwezi kunyanyuka. Kiwiko kilikuwa kimetolewa. Nilikirudisha mahali pake, plau likapanda, na kijana yule alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau, kwa sababu fedha za pampu alikuwa ameshazikopa.

Sisi wa Kongwa tuna sababu yetu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa mpango wao mkubwa wa karanga, pamoja na mashine nyingi zilizokuwa zimetumika vitani, vikiwemo hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mpango ulifutwa mwaka 1951. Wazee wetu husimulia habari za mvua haba na udongo uliokauka ukawa kama saruji, na hayo ni kweli, ila mashine nazo ziliharibika kwa wingi mahali ambapo spea, karakana na mafundi wenye uzoefu havikutosha. Fedha za kununulia mashine zilikuwapo. Kilichopungua ni uwezo wa kuzitunza na kujua zinaugua nini, na karibu miaka 80 baadaye, katika ardhi hiyohiyo, bado uwezo huo tunauthamini kwa elfu tano.

Pendekezo langu ni kwamba mwenye trekta na fundi wakubaliane bei ya uchunguzi kabla spana haijatoka kwenye sanduku, na bei hiyo ilipwe hata kama ubovu utapatikana ndani ya dakika tano na kuondolewa kwa kipande cha waya. Kwa upande wake fundi awajibike kuonyesha ushahidi kabla ya kufungua kitu chochote kikubwa: mapovu kwenye chujio, silinda isiyobadilisha mlio, moshi kwenye mfuniko wa oili. Wapo watakaosema kwamba fundi mjanja atalipwa kwa maneno matupu. Nimelisikia hilo mara nyingi, na jibu langu ni kwamba vipimo vyote nilivyovitaja hufanyika mbele ya mwenye trekta, kwa macho na masikio yake, ilhali kilichomo ndani ya injini iliyofunguliwa hana njia ya kukijua, na hapo ndipo alipokuwa akidanganywa miaka yote.

Msimu uliopita trekta la baba mkubwa lilianza jambo jipya: oili ya injini ilikuwa inaongezeka badala ya kupungua. Kila asubuhi kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa imepanda kidogo, na ilikuwa nyepesi, inanuka dizeli. Vijana walishaanza kutaja pampu kubwa. Baba mkubwa aliniagiza nimlete yule mzee kwa pikipiki, na mzee alipofika, kabla hajainama hata kutazama, baba mkubwa alimkabidhi shilingi elfu thelathini mkononi na kumwambia, "Fundi, hii ni ya kutafuta. Ya kutengeneza tutaongea." Mzee aliifungua fidi pampu, akanionyesha kiwambo chake cha mpira kilichopasuka, ambapo dizeli ilikuwa ikipenya na kudondokea kwenye oili. Tulibadilisha kiwambo, tukamwaga oili yote tukaweka mpya, na saa nane mchana trekta lilikuwa shambani.