Wameirudisha Barua ya Baba Askofu

Wiki iliyopita chuo ninachoombea masomo ya uzamivu wa teolojia hapa Birmingham kimenirudishia barua ya Baba Askofu. Hakikunirudishia kwa ubaya. Mama wa ofisi ya udahili aliniandikia mistari mitatu: asante, tumeipata, ila aliyeiandika hasemi popote kama amewahi kusoma kazi yako. Tafadhali tutafutie mdhamini mwingine, aliyekufundisha.

Barua hiyo ilinichukua miezi minne. Mdogo wangu kule Dodoma alipanda bodaboda kutoka Ipagala mara sita, shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Mara ya kwanza Baba Askofu yuko ziara ya kipaimara. Mara ya pili amerudi, katibu kasafiri. Mara ya tatu katibu yupo, muhuri umefungiwa kabatini na mwenye funguo yuko msibani Kongwa. Zilizobaki mnazijua wenyewe. Ilipotoka, ilikuwa barua kweli: mtoto wa Kanisa, mtiifu, ana ushuhuda mwema, hadaiwi ahadi. Mihuri miwili ya zambarau, mmoja ukiwa umeligonga jina langu katikati.

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu hasira zikanipanda na sikujua nimkasirikie nani.

Kwetu, ukisema unataka kusoma teolojia, unaulizwa umetumwa na nani. Huku wanakuuliza unauliza nini. Nimekaa hapa mwaka wa tatu, na tofauti zote nyingine nimezizoea: baridi, viazi, wazee wa miaka themanini kuitwa kwa jina la kwanza. Hii moja bado inanisumbua.

Andiko langu la kwanza la utafiti liliitwa "Nafasi ya Kanisa katika Maendeleo ya Jamii Mkoani Dodoma". Mnacheka nini? Ingieni maktaba ya chuo chochote cha teolojia nyumbani mhesabu tasnifu zinazoanza na "Nafasi ya". Nilimtumia mhadhiri ambaye hanijui hata kwa sura, maana huku unamtafuta kwanza mtu atakayekubali kukusimamia, fomu baadaye. Kesho yake mchana akajibu. "Huu ni mkoa. Ni kitu gani hasa hukielewi?"

Tangu shule ya Jumapili hadi shahada ya uzamili sikuwahi kuulizwa hivyo. Niliulizwa ninachokijua, na kama nimelipa ada. Kwetu mtu asiyeelewa ananyamaza, na akiwa mtumishi ananyamaza zaidi. Nilikaa na barua pepe ile siku tisa. Mwishowe nikamwandikia habari za bibi yangu wa Mvumi.

Bibi akiombea mitihani ya wajukuu, anaomba kwa Kiswahili. Ada, pasipoti, kazi ya mjomba, zote Kiswahili, tena Kiswahili cha kitabu cha sala. Mvua ikichelewa anahamia Kigogo, na Mungu anakuwa Mulungu. Na mvua kwetu si jambo la mchezo: msimu ni mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mwaka wa kawaida hatufikishi milimita 600. Sasa kwa nini jambo zito kuliko yote haliombewi kwa lugha ya ibada? Ni nani aliyetufundisha kwamba Mungu wa mitihani anasikia lugha moja na wa mvua nyingine? Au hakufundisha mtu, na bibi anajua kitu ambacho wachungaji hatukijui?

Akajibu: hilo ni swali, liandikie kurasa tatu. Basi. Hakuuliza mimi ni mtoto wa nani.

Haya, nawasikia. Wa kwanza anasema nimekwenda Ulaya nimekuwa mzungu. Mzungu gani anayekosa usingizi kwa ajili ya mlenda? Wa pili ana hoja: makanisa yao matupu, watatufundisha nini kuhusu Mungu? Jumapili iliyopita tulikuwa kumi na tisa kanisani, ukihesabu kichanga na mpiga kinanda. Kwaya moja tu ya mtaani Chang'ombe, Dodoma, ingelijaza kanisa hilo na wengine wakasimama nje. Sibishi, na nikikaa kwenye benchi lile naona fahari kutoka kwetu. Lakini mimi sikuja kutafuta waumini, nimekuja kutafuta mtu wa kubishana naye.

Wa tatu anasema vyuo tunavyo, St. John's iko pale Dodoma tangu 2007, Msalato ni ya zamani kuliko mimi, kwa nini nisisomee huko? Ndugu yangu, walimu walionifundisha kusoma Kigiriki ni wa nyumbani, na siwabadilishi na mtu. Ila barua za wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 zimetunzwa na chuo kikuu cha mji huu, kila boksi na namba yake. Nikitaka kujua walisikia nini babu zetu walipoomba mvua, nazifuata hapa. Kitabu cha ubatizo cha mtaa wetu nimekiona mwenyewe: mchwa wamekula kuanzia herufi M. Na John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya mnayependa kumtaja mkitaka teolojia ya Kiafrika, alipata uzamivu wake Cambridge mwaka 1963, na alichokwenda kukiuliza huko kilitoka Ukambani.

Wa nne ndiye ninayemwogopa. Yeye anasema: barua ya askofu ni ulinzi, mtu aliyeachwa na maswali yake peke yake hurudi hana imani. Huyu sina jibu lake zuri. Mhadhiri wangu wa majibu ya siku moja hajui kama mwaka jana nilimzika mama. Hajauliza, na si kwa ukatili, ni kwamba halimo kwenye fomu. Baba Askofu wa miezi minne alikuja Mvumi siku ya mazishi, akakaa kwenye mkeka na wazee, akala ugali wa uwele na mlenda kwa mkono, akaondoka jua linazama. Na hao hao wanaolipenda swali langu watanitoza ada ya mgeni, mara kadhaa ya anayolipa Mwingereza. Swali zuri halina punguzo.

Lakini jamani, mtu anaweza kukaa msibani na pia akasoma kurasa tatu! Kwa nini lazima nichague? Kwa nini barua ile isingekuwa na sentensi moja tu, kwamba kijana huyu anasumbuliwa na jambo fulani na ni jambo la kusumbua kweli?

Nayaandika haya kwa sababu kijana mmoja wa Nkuhungu tuliyeimba naye kwaya ananiulizia jinsi ya kuomba chuo. Nimempa ya muhimu: msimamizi kwanza, andiko fupi, wadhamini wawili waliokusahihishia kazi, uzamivu ni miaka 3 na tasnifu maneno kama 80,000, maombi ya ufadhili yaanze mwaka mzima kabla. Kisha nikamuuliza, wewe hukielewi nini? Tiki zikawa bluu, kimya siku mbili.

Juzi usiku akatuma sauti, dakika nne. Anaelewa mahubiri ya uponyaji, anasema, ila haelewi kwa nini wagonjwa wasiopona ndio wanaobaki kutoa ushuhuda, na waliopona wanahama kanisa. Nimeisikiliza mara tatu ndani ya basi. Mwishoni anauliza, "Kaka, na ile barua ya Baba Askofu, niendelee kuifuatilia au niiache?"

Nimemwambia aendelee. Aende Jumanne, mwenye funguo huwa yupo.