Jina la ukoo ni shahidi wa kutiliwa shaka

Mtu akitaka kujua kama babu zake walikuwa Wayahudi, hukimbilia kwanza kuliandika jina la ukoo kwenye intaneti. Dakika mbili tu, jibu hilo hapo: "Rosenberg, jina la Kiyahudi." Basi, ameridhika. Mimi humtajia Alfred Rosenberg, mwanaitikadi wa Wanazi aliyenyongwa Nuremberg mwaka 1946. Naye alikuwa Rosenberg, na hakuwa Myahudi.

Shida ni kwamba mengi ya majina haya ni machanga. Kwa karne nyingi Wayahudi wengi wa Ulaya ya kati na mashariki waliitwa kama walivyoitwa wazee wetu wa pwani: Yaakov ben Yitzhak, yaani Yakobo bin Isaka. Hata hiyo ben yao na bin yetu iliyotoka Uarabuni ni ndugu wa damu. Jina la pili lilibadilika kila kizazi na hakuna aliyepotea, maana mji mzima ulijua nani mtoto wa nani. Aliyesumbuka ni serikali, iliyotaka kodi na askari. Mwaka 1787 Kaisari Joseph II wa Austria akaamuru kila Myahudi awe na jina la ukoo la kudumu, la Kijerumani, kuanzia Januari 1, 1788. Urusi ikafuata 1804, Napoleon wa Ufaransa 1808, na Prussia, dola ya Kijerumani, 1812. (Wayahudi wa Uhispania ni habari nyingine, akina Toledano walikuwa na majina yao kabla ya kufukuzwa mwaka 1492.)

Kwa hiyo majina mawili yanayofanana si lazima yawe na babu mmoja. Washonaji wa miji hamsini wangeweza wote kuandikwa Schneider, yaani mshonaji, bila hata mmoja kumjua mwenzake. Na yapo majina ya hila. Katz ukilisoma Kijerumani utadhani ni paka, kumbe mara nyingi ni kifupi cha kohen tzedek, kuhani wa haki. Rivkin limetokana na mwanamke, Rivka.

Palipo na vurugu zaidi ni Galicia, ambayo leo imegawanyika kati ya Poland na Ukraine. Huko wengi walioana mbele ya rabi tu, wasiende kwa serikali. Karani akaandika watoto wao kama wa nje ya ndoa, kwa jina la ukoo la mama. Baadaye wazazi wakisajili ndoa, wadogo wanapata jina la baba. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, majina mawili! Anayefuata jina peke yake atawapoteza nusu ya jamaa zake hapohapo.

Na ile hadithi ipendwayo Marekani, kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha New York cha kupokelea wahamiaji, ndiye aliyewabadilishia wahamiaji majina, siiamini hata kidogo. Makarani wale walifuata orodha ya abiria iliyokwisha kuandikwa kule meli ilikotoka, Hamburg au Bremen. Kwa kawaida aliyebadilisha ni babu mwenyewe, baadaye, akitafuta kazi. Ukikubali hadithi ya karani hutaitafuta ile orodha, na ndiyo yenye jina la zamani.

Rafiki yangu mmoja ana jina hilohilo la mshonaji. Alihangaika nalo miaka, hadi shangazi yake alipomtumia picha ya kaburi. Juu ya jiwe imechongwa mikono miwili, vidole vimeachanishwa: alama ya kohen, na ukuhani huo hurithiwa kwa baba. Chini yake herufi mbili za Kiebrania, pe na nun, "hapa amezikwa." Kisha jina la marehemu, ben, jina la baba yake. Mwaka ni wa kalenda ya Kiyahudi, umeandikwa kwa herufi ambazo kila moja ina thamani ya namba, na jumla yake ni 660. Elfu tano huachwa bila kuandikwa. Kwenye hiyo 660 ongeza 1240, unapata 1900 ya kalenda yetu. Jina la ukoo halimo kabisa.

Aliliangalia lile jiwe kimya, kisha akacheka. "Kumbe sisi ni makuhani, na mimi nimekesha na cherehani!"

Nyuma ya picha kuna jina la mji kwa penseli, nusu limefutika. Tumeanzia hapo.