Usihesabu Wizara Alizotoa Rais, Hesabu Viti Vilivyobaki Wazi Upinzani

Rais anapomteua mpinzani wake kuwa waziri, swali la kwanza huwa: amepewa wizara gani? Kisha watu hubishana kama wizara hiyo ni nono au ni ya kumnyamazisha. Mimi nashikilia kwamba kuna swali linalotangulia hilo, nalo haliulizwi vya kutosha. Huyu aliyeteuliwa alikalia kiti gani katika chama chake, na kile kiti sasa kina nani? Ukilijibu, utajua kama uteuzi ule ni wa kugawana madaraka au ni wa kuvunja chama cha watu huku kikitabasamu mbele ya kamera.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya, Julai 2024. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia majengo ya Bunge kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Tarehe 11 Julai akalivunja baraza la mawaziri, akambakisha Musalia Mudavadi, Mkuu wa Mawaziri. Orodha ya kwanza ya mawaziri wapya ilitoka tarehe 19 Julai, na haikuwa na mtu wa ODM, chama kikuu cha upinzani. Lakini tazama kilichokosekana humo: Fedha, Kawi (yaani nishati), Madini, Ushirika. Nafasi hizo ziliachwa wazi siku tano. Nafasi iliyo wazi ni nguvu ya mazungumzo, ikishajazwa, imekwisha. Tarehe 24 Julai majina yakatajwa: John Mbadi Fedha, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini na Uchumi wa Baharini, Wycliffe Oparanya Ushirika na Biashara Ndogo.

Sasa hesabu viti vya upande wa pili. Mbadi alikuwa mwenyekiti wa kitaifa wa ODM. Wandayi alikuwa kiongozi wa wachache, yaani wa wabunge wa upinzani, katika Bunge la Taifa. Joho na Oparanya walikuwa manaibu wawili wa kiongozi wa chama. Kiongozi mwenyewe, Raila Odinga, wakati huo alikuwa anawania uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, na ili afike popote alihitaji wanadiplomasia wa serikali hiyohiyo wampigie debe hadi kura ya Februari 2025. Kwa maneno mengine, kati ya watu walioweza kuitisha kikao, kutoa amri ya chama bungeni au kusimama jukwaani na kusema hapana, wengi waliwekwa upande wa serikali katika muda wa wiki mbili. Chama kilijaza nafasi zake upya, ndiyo. Ila aliyeingia jana hana mtandao wa aliyetoka, na anajua kwamba mtangulizi wake sasa anapanda gari la waziri.

Kuna jambo la kisheria ambalo washauri wa rais hulipima kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010 hairuhusu waziri kuwa mbunge. Ukimteua mbunge wa eneo, kiti chake kinakuwa wazi na lazima uchaguzi mdogo uitishwe, na uchaguzi mdogo ni hatari: wapiga kura hupata nafasi ya kuuhukumu uteuzi wenyewe. Ndiyo maana walengwa wazuri huwa magavana waliomaliza mihula miwili na wabunge wa kuteuliwa. Joho na Oparanya walikuwa wamemaliza ugavana mwaka 2022. Mbadi alikuwa mbunge wa kuteuliwa, ambaye nafasi yake hujazwa kutoka orodha ya chama bila kura kupigwa. Kati ya wanne hao, ni Wandayi peke yake aliyekuwa na eneobunge, Ugunja.

Wizara zenyewe hazikuchaguliwa ovyo. Fedha ndiyo wizara iliyowasha moto wa Juni. Ukimkabidhi mtu aliyejulikana bungeni kwa kuipinga serikali kwa tarakimu, basi kodi inayofuata itasomwa na mdomo wake, na wafuasi wake watakosa pa kuelekeza hasira. Desemba 2024 Sheria ya Marekebisho ya Kodi ilitiwa saini ikiwa na baadhi ya mambo yaliyofanana na yale ya mswada uliokataliwa, na aliyeitetea alikuwa waziri kutoka ODM. Kawi nayo ni bei ya umeme, na wakati ule ilikuwa pia mkataba wa njia za umeme na kampuni ya Adani ya India. Tarehe 21 Novemba 2024 Wandayi aliiambia kamati ya Seneti kwamba mkataba huo haukuwa na rushwa. Siku hiyohiyo Rais, akilihutubia Bunge, alitangaza kuufuta, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sioni mfano bora wa jinsi kazi inavyogawanywa: mgeni anabeba lawama ya kutetea, mwenyeji anavuna sifa ya kufuta.

Na hata fedha za wizara haziko mkononi mwa waziri. Kwa sheria za usimamizi wa fedha za umma, afisa mhasibu ni katibu wa wizara. Yeye ndiye anayeidhinisha malipo na kujibu maswali ya Mkaguzi Mkuu. Chama kinachoalikwa serikalini kikadai mawaziri wanne bila kudai katibu hata mmoja kimepewa ofisi na bendera, funguo za sefu zimebaki kwa mwenyewe. Hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa, na linaniuma, kwa sababu wanaojadiliana ni watu wenye miaka mingi serikalini. Wanajua.

Serikali ilipata nini? Jibu liko kwenye tarakimu za tarehe 8 Oktoba 2024. Kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua kulihitaji kwanza thuluthi mbili ya wabunge 349, yaani 233. Muungano uliotawala ulikuwa na wingi wa kawaida tu. Peke yake usingefika huko. Kura za kuunga mkono zikawa 281, za kupinga 44. Tofauti kati ya wingi wa kawaida na 281 imejaa wabunge waliochaguliwa kwa tiketi ya upinzani. Wizara nne kwa uwezo wa kufikia thuluthi mbili: kwa mtazamo wa Ikulu hiyo ni bei nafuu mno.

Mkataba wa maandishi kati ya UDA, chama cha Ruto, na ODM, wenye ajenda kumi, ulitiwa saini tarehe 7 Machi 2025 katika ukumbi wa KICC, Nairobi. Mawaziri walikuwa wameapishwa tarehe 8 Agosti 2024. Hesabu mwenyewe: miezi saba ya kazi kabla ya karatasi, na kwa muda huo wote chama kilikuwa kikisema hakimo katika muungano. Anayetoa watu kwanza na kudai masharti baadaye hana tena cha kuzuia. Angezuia nini, wakati kura ya Oktoba ilikuwa imeshapigwa?

Mwaka 2008 watu walijua kufunga mafundo. Makubaliano ya 28 Februari kati ya Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa makubaliano hayo, yaliingizwa kwenye Katiba ya wakati ule pamoja na sheria yake. Waziri Mkuu hakuweza kufutwa na Rais. Ilihitajika kura ya Bunge ya kutokuwa na imani naye. Waziri wa upande mwingine hakuweza kuondolewa bila ridhaa ya maandishi ya kiongozi wa chama chake. Serikali ile ilikuwa ya mivutano na baraza kubwa kupita kiasi, lakini hakuna aliyekuwa humo kwa hisani ya mtu mmoja. Waziri wa 2024 anaweza kufutwa kwa tangazo la jioni.

Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Marekebisho ya Katiba ya 2010, yaliyofuata kura ya maoni ya 31 Julai ambapo zaidi ya asilimia 66 walisema Ndiyo, yaliweka nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama kinachoshika nafasi ya pili, na mawaziri kwa uwiano wa viti vya Baraza la Wawakilishi. Ubora wa mpango huo ulionekana wakati wa msiba. Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, aliyekuwa Makamu wa Kwanza, alipofariki tarehe 17 Februari 2021, kiti hakikurudi kwa CCM, chama tawala. Tarehe 2 Machi Othman Masoud Othman, naye wa ACT-Wazalendo, aliapishwa kushika nafasi hiyo. Kiti kilikuwa cha chama. Udhaifu wake ni kwamba Makamu wa Kwanza kimsingi ni mshauri. Anayesimamia shughuli za serikali barazani ni Makamu wa Pili, ambaye ni wa chama cha Rais.

Linganisha na Tanzania Bara mwaka 2017. Rais John Magufuli alimteua Kitila Mkumbo wa ACT-Wazalendo kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, kisha Juni akamteua mwenyekiti wa chama hicho, Anna Mghwira, aliyekuwa mgombea wao wa urais 2015, kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Chama hakikusaini chochote. Kikalazimika kutafuta mwenyekiti mwingine, na kabla ya mwaka kwisha wateule wote wawili walikuwa wanachama wa CCM. Hapo hakuna aliyegawana madaraka na mtu.

Mbinu hii pia humgeuka mwenye kuitumia. Rais Daniel arap Moi alimwingiza Raila serikalini Juni 2001 kama Waziri wa Kawi, na tarehe 18 Machi 2002 chama cha Raila cha NDP, kilichopata viti 21 katika uchaguzi wa 1997, kikamezwa na KANU, chama cha Moi, pale Kasarani, Nairobi. Kosa la Moi halikuwa wizara. Lilikuwa kumpa mgeni ukatibu mkuu wa KANU yenyewe, yaani daftari la matawi na simu za wajumbe wa nchi nzima. Alipomchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi, Raila aliondoka Oktoba na sehemu kubwa ya vigogo wa chama, na Desemba Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Ruto alilijua somo hilo vizuri, maana mwaka huo alikuwa KANU, upande wa Uhuru. Mwaka 2024 aligawa wizara, hakugawa ofisi hata moja ya UDA.

Kibaki naye mwaka 2004 aliwaingiza watu wa KANU na FORD-People, akiwemo Simeon Nyachae, ili kupunguza uzito wa washirika wake wa LDP, kundi la Raila ndani ya serikali, waliokuwa wakimsumbua. Novemba 2005 akashindwa kura ya maoni ya Katiba, akalifuta karibu baraza zima.

Kuna kitu kingine ambacho uteuzi haununui, nacho ndicho kilichosababisha uteuzi wenyewe. Vijana wa Juni 2024 hawakuwa na mwenyekiti wala kiongozi wa wachache. Hakuna wa kumwita Ikulu. Tarehe 25 Juni 2025 walirudi barabarani, wakarudi tena 7 Julai, na watu wakauawa tena. ODM ilikuwa serikalini siku hizo zote mbili.

Turudi Ugunja, kwa sababu gharama ya biashara hii huandikwa mbali na Nairobi. Ibara ya 101 ya Katiba inataka kiti kilicho wazi kijazwe kwa uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Wandayi alipoapishwa Agosti 2024, Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna, na haikuwa nao tangu mwanzoni mwa 2023. Rais aliyemteua alilijua hilo, chama kilichomwachilia kililijua, na wabunge waliompiga msasa walilijua. Mwenyekiti mpya wa tume na makamishna wenzake waliapishwa Julai 2025. Watu wa Ugunja walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025, baada ya zaidi ya miezi 15 bila mbunge.