Presha Imepanda, Figo Ina Kiu

Anayekaa Malindi anajua kwamba pampu za Baricho zikinguruma, si lazima maji yafike kwako. Bomba kuu hujaa hadi likavuja barabarani, na nyumba ya mwisho mtaani mfereji unapiga chafya tu. Nilikumbuka hilo mzee mmoja wa mtaa wetu aliporudi kutoka upasuaji wa moyo: moyo umetengenea, figo zimelegea. Wanawe waliuliza barazani, kwani mashine si ilisukuma damu muda wote?

Ilisukuma. Mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon alifanikiwa nayo mwaka 1953, huipokea damu, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Kuigawa ni kazi ya mishipa midogo ya kila kiungo, inayojibana na kujilegeza.

Hapo wataalamu hutofautiana. Wapo wanaoshikilia presha: ikishuka, huongeza dawa ya kubana mishipa. Hawakosei, maana ubongo wa aliyezoea presha ya juu miaka na miaka huhitaji msukumo mkubwa. Wengine hutazama wingi wa damu na oksijeni inayobebwa. Kwao, dawa ile ni kufunga valvu za vichochoroni ili geji ya bomba kuu ipande. Wanaokauka ni utumbo na figo. Na sehemu ya ndani ya figo, hata kwa mtu mwenye afya, huishi na oksijeni kidogo.

Mwaka 2018, watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa 197: wengine presha 70 hadi 80, wengine 40 hadi 50, damu ikisukumwa kwa wingi uleule. Picha za ubongo hazikuonyesha kwamba presha ya juu iliwakinga. Mwaka huohuo, utafiti wa hospitali za nchi kadhaa ulionyesha kwamba oksijeni isiposhushwa chini ya mililita 280 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili, madhara ya figo hupungua, ingawa ni yale mepesi.

Naegemea hao wa pili, ila si kwa miguu yote miwili. Wastani wa watu 197 haumsemei kila mzee. Tena maji yanayotangulia kujazwa mashineni huizimua damu, kwa hiyo hata mtiririko mzuri waweza kubeba oksijeni haba. Na pampu ikikimbizwa mno, seli nyekundu hupasuka.

Karatasi aliyorudi nayo mzee imeandikwa presha mstari baada ya mstari. Ya oksijeni, hakuna hata namba moja.