PBL sawa, ila mtihani ni ule ule

Juzi saa tano usiku dogo kanipigia, yuko mwaka wa pili udaktari, chuo sikitaji maana ada hatujamaliza, anataka bando ya haraka, wana kesi ya PBL, yaani ile ya kujifunza kwa kupewa tatizo la mgonjwa mkalichimbue wenyewe kwenye kikundi badala ya kusikiliza lekcha. Nikamuuliza kesi gani. "Mama wa miaka 34, homa siku ya tano, malaria kapimwa mara mbili hana." Weee, swali tamu hilo! Enzi zetu tulikuwa tunaandika tu anachosoma mwalimu mpaka kidole kinaota sugu, hata mimi usingizi uliniisha.

Sasa nikaendelea kuuliza. Kikundi mko wangapi? Ishirini na sita. Mwalimu anakaa na nyie? "Bro, lekchara karusha pdf kwenye grupu Jumatatu akapotea, prezentesheni Ijumaa." Na desa, yaani kazi ya waliotangulia ya kunakili, la mwaka jana lipo, kesi ile ile, yule mama bado ana miaka 34 na homa haijashuka mwaka mzima, masikini. Kumbe bando lenyewe ni la kudaunilodi desa.

Hii PBL ilipoanza chuo cha McMaster kule Kanada 1969 vikundi vilikuwa vidogo na mwalimu yupo ndani, kazi yake kuuliza na kuuma ulimi asitoe jibu. Na msiniambie ni mambo ya wazungu, Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret, Kenya, shule yao ya udaktari imeanza nayo toka mwanzo. Ila mwalimu kukimbia kipindi halafu akaita PBL, hapana, hiyo ni likizo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mtihani. Unamwambia mtoto wiki nzima afikiri, aulize, abishane, halafu kwenye UE, mtihani wa chuo wa mwisho, unamletea "Taja visababishi kumi vya homa." Kumi! Sasa nani mjinga atahangaika na yule mama wakati anajua kinachompa maksi ni orodha? Wanafunzi sio wavivu, wanasoma kinachopimwa, hata ningekuwa mimi ningepiga msuli past pepa nikalala. Chuo cha Maastricht kule Uholanzi hili waliliona mapema, wakatunga mtihani mmoja unaofanywa na wote, wa mwaka wa kwanza na anayemaliza, mara kadhaa kwa mwaka, maswali ya udaktari mzima, kwa hiyo kukariri usiku mmoja hakukusaidii kitu, na kwa miaka mingi ukiweka "sijui" hukatwi maksi, unakatwa ukibahatisha. Yaani daktari anafundishwa kukiri hajui! Huku kwetu andika "sijui" uone, sapu, mtihani wa kurudia, inakusubiri mlangoni.

Haya, wanaopenda lekcha nao nawapa kidogo. Tathmini zilizokusanywa miaka ya 90 zilionyesha hawa wa PBL wako vizuri mbele ya mgonjwa ila kwenye sayansi za msingi mara nyingine wanaachwa. Na mtu ambaye hajui ini liko upande gani utamjadilisha nini? Mfundisheni kwanza, sijakataa.

Jumamosi dogo kanitumia meseji, kikundi kimepata A. Nikamuuliza, yule mama alikuwa anaumwa nini? Akasema sehemu hiyo alifanya mtu mwingine, yeye alikuwa na slaidi ya utangulizi.