Mi naanza na ukurasa wa mwisho

Nikipata riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili kitu cha kwanza nachofanya ni kwenda mwisho. Sio kuchungulia, nasoma ukurasa mzima kabisa, nikishaona wote wawili wako hai na wako pamoja ndo narudi mwanzo natulia. Kuna watu wananiambia najiharibia utamu, eti najilisha spoila kwa mkono wangu mwenyewe. Sawa. Kitabu cha upelelezi nikishamjua muuaji nakiacha hapohapo, hilo nakubali. Ila hizi nimeshachomwa sana, nimesoma kurasa mia tatu za watu wanaopendana kwa kujificha mpaka nikawapenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, alafu kurasa kumi za mwisho mmoja anagongwa na gari. Na gari lenyewe halikuwepo kwenye hadithi, hakuna barabara iliyotajwa, limetoka hewani tu limekuja kumaliza kazi likaondoka.

Sa usidhani hilo gari ni uvivu wa mwandishi peke yake. Lina ukoo. Mwaka 1952 huko Marekani dada mmoja anaitwa Marijane Meaker, kwa jina la bandia Vin Packer, alitoa Spring Fire, wasichana wawili wa chuo wanapendana. Mhariri wake alishamwambia mapema kwamba mwisho mwema hapana, maana vitabu vinasafiri kwa posta, na posta wakiona kitabu kinaonyesha haya mapenzi yana raha wanaweza kukikamata. Kwahiyo mmoja akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na mwenzie akagundua ghafla kwamba aah kumbe sikuwahi kumpenda. Yaani mwisho wa hadithi ya mapenzi umeamuliwa na watu wa kugonga mihuri!

Mwaka huohuo Patricia Highsmith akatoa The Price of Salt, na yeye kwa jina la bandia, Claire Morgan, wanawake wawili tena, ila humu hakuna aliyekufa, hakuna aliyerukwa na akili, hakuna aliyerudishwa kwa mwanaume. Barua za wasomaji zikamiminika kwa huyo Claire Morgan asiyekuwepo. Jina lake la kweli alikuja kuliweka 1990. Na kwa wapenda udaku, hao wawili baadaye walikuja kuwa wapenzi, aliyeambiwa aharibu na aliyekataa kuharibu. Hiyo ningeisoma hata bila kuangalia ukurasa wa mwisho.

Mwandishi E. M. Forster wa Uingereza ndo kabisa. Riwaya yake ya Maurice aliiandika 1913 na 1914, akaamua wanaume wake wawili watabaki pamoja, akaifungia, ikawa inasomwa na marafiki tu. Alikuja kueleza mwenyewe kwamba angemaliza na kijana kujinyonga wala pasingekuwa na shida, shida ni kwamba wapenzi wameondoka bila adhabu. Sheria ya England na Wales iliyokataza mapenzi ya wanaume ikalegezwa 1967, yeye akafariki 1970, kitabu kikatoka 1971. Hesabu mwenyewe kilikaa gizani miaka mingapi. Sinema nazo Hollywood zilikuwa na mwongozo wao uliobanwa kuanzia 1934 mpaka 1968, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mapenzi ya namna hii yasionyeshwe hata kwa kudokeza. Na usijifariji kwamba hayo ni ya bibi na babu, 2018 filamu ya Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipopigwa marufuku Kenya, mwongozaji wake Wanuri Kahiu alisimulia kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu una matumaini mno. Kupendana ni kosa, kutojuta ni kosa la pili.

Ndo maana nasema mtu akikwambia hizi riwaya ni za kitoto kwa sababu lazima ziishe vizuri, hajui huo mwisho mwema umepatikanaje.

Lakini mwisho mwema peke yake haunikeshi. Kinachonikesha ni huku katikati. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, sa hizi riwaya ni za watu wanaobana kikohozi. Kama umewahi kubanwa na kikohozi kwenye chumba kimya unaelewa, macho yanatoka machozi, unameza mate, unafikiria kitu kingine, na kila ukikibana ndo kinazidi, na aliyekaa pembeni yako anakuangalia anajiuliza huyu ana nini. Sasa mfanye huyo aliyekaa pembeni ndo sababu ya kikohozi chenyewe, na yeye anabana chake. Mi hapo sitoki.

Kwa sababu kila kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Kuna moja niliisoma kurasa kama arobaini zimeenda kwenye sweta, mmoja kasahau sweta kwa mwenzie, mwenzie hairudishi, na mwenye sweta anaona hairudishwi na haiulizii, na wote wawili wanajua kwamba siku ikirudishwa kuna kitu kimekwisha na ikiulizwa kuna kitu kimeanza. Kurasa arobaini! Na sikuruka hata mstari. Kwenye hadithi ya kawaida ya mwanaume na mwanamke sweta ingekuwa sweta, maana kila mtu anajua hadithi inaelekea wapi. Hapa kukosea kusoma dalili ni gharama, unaweza kupoteza rafiki, kazi, familia, usalama wako, kwahiyo jicho lililokaa sekunde moja zaidi linachambuliwa kama mkataba.

Alafu wakishavuka hapo hakuna aliyewaandikia cha kufanya. Hii ndo raha yangu kubwa. Mwanaume na mwanamke wakipendana kitabuni kuna ratiba imeshabandikwa ukutani, nani atume meseji ya kwanza, nani akianza ataonekana kajirahisisha, nani apige goti, nani aache kazi ahamie kwa mwenzie. Mwandishi hodari anaweza kuichana hiyo ratiba lakini hata akiichana tunaona karatasi ilipokuwa. Wakiwa wanaume wawili hakuna karatasi. Nani atahama? Haijulikani. Nani atalia kwanza, nani atamtambulisha mwenzie kwa mama yake, haijulikani, inabidi waulizane. Na kuulizana jamani, watu wazima wawili wanakaa chini mmoja anamuuliza mwenzie we unataka nini, anasubiri jibu! Kuna wasomaji wanaoruka hizo kurasa kukimbilia chumbani, mi hata chumbani napenda zaidi wanapoongea.

Kitu kingine ambacho sijaona watu wakikisema ni lugha. Kiingereza kinawatesa sana hawa wahusika. Mtu akiulizwa kazini wikiendi ulikuwa na nani inabidi aruke maneno kama anavuka matope, maana kila sentensi inamdai aseme ni wa kike au wa kiume, akiteleza kidogo tu siri imetoka. Kwa Kiswahili ‘nilikuwa na mpenzi wangu, alipika, akaniimbia, akalala saa tatu’ imepita hiyo, hakuna aliyejua kitu. Nimewahi kujaribu kumsimulia mtu kwa Kiswahili kipande kizima ambacho mvutano wake wote ulikuwa kwenye hilo neno moja dogo la kumtaja mtu, nikajikuta nimebaki mikono mitupu, ikabidi niseme basi we amini tu alikuwa anahangaika. Ila tungekuwa nazo nyingi za kwetu nahisi mvutano ungehamia kwingine, labda kwenye jina, maana jina ndo linaloumbua.

Sa kuna lile swali. Rafiki yangu mmoja kanambia juzi, shoga, hizo stori za mashoga unazisomea nini na hata mwanamke hamna? Katamka neno moja mara mbili kwa maana mbili tofauti na wala hakucheka. Nikamwambia ndo maana nimeingia humo. Hamna mwanamke wa kunipima. Nikisoma mapenzi ya kawaida, nitake nisitake, kuna dada mle ndani ananisogezea kioo, kiuno chake, umri wake, subira yake, jinsi anavyosamehe, na kila anachofanya nahisi kama nafanyiwa mtihani. Kwa wanaume wawili naingia popote, leo niko kwa yule mwoga, kesho niko kwa yule mkorofi, hakuna aliyenifanana kwahiyo wote nawavaa.

Na sio mimi peke yangu wala sio ugonjwa wa juzi. Miaka ya 70 kulikuwa na wanawake Marekani na Uingereza wanaandika wenyewe hadithi za Kirk na Spock, wanaume wawili wa ile sirizi ya anga za juu Star Trek, wakiwa wapenzi, wanazisambaza kwenye vijarida vya kudurufu, na kile kimkwaju walichoweka katikati ya yale majina mawili ndo kikaja kuwa jina la aina nzima ya uandishi, slash. Wakati huohuo Japani wachoraji wa kike wanachora wavulana wanaopendana kwenye magazeti ya katuni za wasichana. Hawa hawakuwa wanajuana, bahari nzima katikati, na wote wamefika mlango uleule. Leo mlango huo umezaa sirizi za Thailand zinazotazamwa dunia nzima.

Za Thailand nazipenda ila nina ugomvi nazo. Mashabiki wenyewe wanaiita laana ya episodi ya 11, maana nyingi zina vipindi 12, na kikifika cha 11 lazima watu waliokuwa wameshaelewana vizuri waachane kwa jambo ambalo simu ya dakika mbili ingelimaliza. Episodi kumi nimewaona wakijifunza kuongea, hii moja wamepigwa bubu. Gari la kutoka hewani limebadilisha namba tu.

Na kuna zile ambazo ratiba ya ukutani imerudishwa kwa mlango wa nyuma, mmoja mfupi analialia anapika anaona haya, mwingine mrefu tajiri ana wivu anamshika mwenzie mkono kwa nguvu na sisi tunatakiwa tuone ni mahaba. Hiyo ni ile hadithi ya zamani imevalishwa suruali. Mwanamke akitokea mle ni mpenzi wa zamani mwenye sumu au ni rafiki ambaye kazi yake duniani ni kutoa ushauri. Na wanaume wenyewe wanaopenda wanaume wamelalamika mara nyingi kwamba humu hawajioni, kwamba maisha yao yamefanywa sweta tu, mahangaiko yenyewe yamekatwa. Hilo sina la kujitetea, wanasema kweli, na mimi niliyepata raha ya kutopimwa nimeipata kwenye nyumba ya mtu.

Tena mashabiki tunaweza kuwa wabaya kabisa. Mwigizaji Kit Connor wa Heartstopper, sirizi ya wavulana wawili wa shule wanaopendana ambayo somo lake zima ni kwamba mtu apewe muda wa kusema mwenyewe, alisumbuliwa mtandaoni mpaka Oktoba 2022 akiwa na miaka 18 akalazimika kuandika kwamba anapenda jinsia zote mbili, na akawapongeza kwa kejeli kwa kumlazimisha. Akasema nahisi baadhi yenu hamkuelewa sirizi yenyewe. Watu waliolia kwa ajili ya kijana wa kubuni anayebana kikohozi wamemtia kidole kooni kijana wa kweli.

Sijasema za huzuni ni mbovu zote. Brokeback Mountain ya Annie Proulx, ile hadithi fupi ya 1997 kabla haijawa filamu 2005, ile inauma na inatakiwa kuuma, kifo cha mle kilikuwepo tangu mwanzo, kiko kwenye alichoonyeshwa Ennis, mmoja wa wale wapenzi wawili, akiwa mtoto, hakikutoka hewani. Proulx alikuja kulalamika kwamba watu wanamtumia hadithi waliyoiandika upya iishe vizuri, amechoka nao, mpaka akasema bora asingeiandika. Namwelewa. Ila na wale watuma hadithi nawaelewa, mi mwenyewe wa kwangu mwisho ninao kichwani, sijamtumia mtu, una ranchi ndogo na mashati mawili kwenye kamba moja ya nguo.

Ila jambo moja waandishi wa siku hizi mnisaidie. Mkishawaunganisha muishie hapo. Hizi sura za ziada za miaka mitano baadaye, harusi, mbwa, mapacha, mashemeji wote wamekuja na suti zinafanana, nani amewaomba? Siku hizi nalazimika kurudi nyuma kurasa ishirini kutafuta ukurasa wa mwisho wa kweli uko wapi.