Mama amehamia Goba, majirani wamebaki Magomeni

Mtoto akijaliwa kujenga Goba au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, haraka yake ya kwanza ni kumtoa mama kwenye chumba cha Magomeni. Kwenye nyumba mpya kuna vigae, maji ya bomba, geti na dada wa kazi. Wanaomlaumu mtoto huyo wanamwonea. Anaijua mitaro ya uswahilini isiyo na mifuniko, na ameshaona konda akigonga bodi gari liondoke huku mguu mmoja wa mzee bado uko chini. Mzee akivunjika nyonga, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Lakini mama mwenyewe hatujamuuliza.

Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka 70 na ushei, alikuwa akitoka kila asubuhi, kanga begani, kwenda kununua vitumbua. Hazikufika hatua 200, na zilimchukua karibu saa nzima. Kila kibaraza kilikuwa na shikamoo yake: hapa anaulizia mgonjwa, pale anaambiwa arobaini ya marehemu ni lini. Vitumbua vyenyewe viwili tu. Sasa yuko kwa mwanawe, analetewa mezani. Nilipokwenda kumjulia hali, kabla sijakaa aliniuliza nani kafa mtaani. Nikamtajia wawili. Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua, akasema, "Na mimi sikuwazika."

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, akiwemo Julianne Holt-Lunstad, walikusanya tafiti 148 zenye watu 308,849. Wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wapweke kwa asilimia 50. Utasema mgonjwa ndiye hujitenga, kwa hiyo upweke ni dalili tu. Hoja nzuri, ila walitazama pia hali ya afya ya watu hao mwanzoni, na tofauti ikabaki. Uzito wake waliulinganisha na ule wa kuacha sigara. Nairudia namba hii kila nikipita kwenye mageti yale. Mzee akishika sigara tunamnyang'anya. Akishinda peke yake tangu asubuhi hadi magharibi, tunasema amepumzika.

Miguu nayo haisubiri. Msuli usiotumika hulegea, na mzee aliyezuiwa kutoka asije akaanguka anakosa nguvu ya kujishika siku akiteleza bafuni, juu ya vigae vilevile.

Sisemi arudishwe kwenye mitaro. Mabasi ya mwendokasi, tangu 2016, yameonyesha kwamba jukwaa la kituo likilingana na sakafu ya basi, hakuna kupanda ngazi. Tatizo ni njia ya kufika kituoni, na hiyo ni kazi ya manispaa. Ila aliyeweza kumlipa fundi wa geti anaweza kulipa bajaji mara moja kwa wiki, mama ashinde Magomeni, jioni amfuate.